Koti Nyuma ya Mlango

Sumbawanga, Juni

Mwanangu Gaudensi,

Huku baridi imeshika. Ulezi tumeshavuna, na dada yako Monika amejifungua salama.

Nimefurahi kwamba umefuzu kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Ila unasema unataka kuanzia Kasanga, pale mtumbwi wa baba yako ulipozama. Mwalimu wenu si alisema anayeanza achague maji matulivu, yasiyo na kina kirefu, na mwenzake awe pembeni? Pale ziwani hata nyavu hazifiki chini.

Baba yako tulishamzika, mwanangu. Ziwa halikumrudisha, tukazika koti lake, padri akalibariki. Kaburi nalipalilia mwenyewe.

Lako uliloliacha linaning'inia nyuma ya mlango. Nimelifua. Njoo ulivae, sitaki kuzika koti la pili.

Mimi mama yako,
Luciana