Pampu Kwenye Zizi la Mbuzi

Ngoliba, Thika

Mama mpendwa,

Mwende wako anakusalimu. Mgongo umepoa? Na huko Mwingi, mvua imewakumbuka? Sisi tuko wazima. Nimeandika ili kaka akusomee polepole, maana kwa simu ningecheka nishindwe kumaliza.

Unajua uchumi ulivyotubana. Viwanda vya Thika vilifuta watu kazi, na wateja wetu wa soko la Ruiru wakawa wananunua nyanya mbili mbili. Nyingi zikaozea shambani. Mkopo wa pampu ya kuvuta maji mtoni, tuliopewa na benki ya wakulima, ukatushinda kulipa.

Asubuhi moja mume wangu Musyoka akaona gari la benki likija. “Wamekuja kuichukua,” akasema. Kabla sijajibu, alikuwa amebeba pampu hadi zizini kwa mbuzi, akaifunika kwa mabua ya mahindi.

Akashuka afisa, mama anayeitwa Wambui, na fundi wake. Tukawapa chai. Kisha akauliza, “Na pampu iko wapi?”

“Iko kwa fundi, Madam,” Musyoka akajibu.

“Aii, na mimi nimeleta fundi aiangalie bure. Benki imeona vile wakulima wanaumia. Hamtalipa kitu mpaka mvune tena, na mbegu tutawaongezea. Lakini lazima nione pampu ikifanya kazi.”

Mama, nilikosa pa kuweka uso. Musyoka akasimama polepole. “Madam,” akasema, “fundi mwenyewe ni mbuzi.”

Alipomwonyesha, Wambui alicheka mpaka akashikilia mlango wa zizi. Akatuambia tusijali, kuna mzee upande wa Juja aliyemficha ng'ombe wa mkopo jikoni.

Fundi aliiwasha pampu ikafanya kazi, nasi tukapanda tikiti maji kwa mbegu za benki. Juzi mfanyabiashara wa Ruiru alikuja na lori dogo, kanta, akabeba yote, na tumeanza kulipa. Musyoka alichagua tikiti kubwa kuliko yote, akampelekea Wambui ofisini, Thika. Jumapili tulitoa shukrani kanisani.

Msalimie kaka Mutua na mkewe, shangazi Kalekye aliyenifundisha kupalilia, na mjukuu wako mpya ambaye sijambeba bado. Nitakuja Krismasi nimbebe.

Jirani ameniuliza kwa nini siku hizi naimba nikiosha vyombo. Mimi hata sikuwa nimejua naimba.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Mwende