Niliitazama Video Yako Bila Sauti

Mwanangu Amos,

Barua hii naiandika wazi, aisome yeyote, kwa sababu kosa nililokukosea halikubaki kati yetu wawili. Lilifika mbele ya kanisa zima. Kukuomba msamaha pembeni, kwa ujumbe mfupi ambao hata huujibu, naona ni kama kukukosea tena. Unajua mimi niliishia darasa la nane, kwa hiyo usitafute mpangilio humu. Nasema tu jinsi yanavyonijia.

Unakumbuka pale nyumbani Nakuru, nilipokuwa nikifua nguo za watu? Ulikuwa na miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo. Ulikuwa unakalia beseni lililopinduliwa, mtungi wa maji katikati ya magoti, unaupiga kama ngoma huku ukikariri mistari ya shule ya Jumapili. Ulikuwa unaisema mbio mpaka mate yanakuruka.

Nikakwambia, "Punguza mwendo, Amos, Mungu anasikia hata ukienda polepole."

Ukanijibu, "Lakini mama, nikienda polepole nasahau."

Nilicheka hadi nikaangusha shati la mteja kwenye matope. Ikabidi nilifue upya, na wewe ukaanza mstari wako upya, tukaenda hivyo, mimi nasugua na wewe unapiga mtungi, mpaka kamba ikajaa nguo. Sikuona shetani yeyote siku hiyo. Niliona mtoto anayelipenda Neno.

Nilipokuja huku Maskati kufanya kazi za ndani ulikuwa darasa la saba. Tangu hapo nimekulea kwa simu. Wanawake wote ninaosali nao hapa wanalea hivyo. Kazi za shule tunazikagua kwa picha, homa tunaipima kwa kusikiliza sauti ya mtoto, na kofi tunalipiga kwa kutojibu simu siku mbili. Ukilea hivyo mwaka wa kwanza unaona aibu. Mwaka wa tatu unaona ni kawaida, na hapo ndipo unapoanza kufikiri kwamba unachokiona kwenye simu ndicho mtoto mwenyewe.

Siku uliyoniambia umeanza hip hop ya injili, nilikuwa nakunja taulo hapa nyumbani kwa watu, mtaa wa Bawshar. Nilikujibu vibaya, nakumbuka.

"Hip hop na injili wapi na wapi? Hiyo ni kutia mafuta ya taa kwenye maziwa."

"Mathe, vijana wa mtaa hawaji kanisani. Mimi nawapelekea huko huko waliko."

"Na wakikubadilisha wewe?"

"Mathe bana. Si ni wewe ulinifundisha?"

Nikakata simu, nikijiambia mtoto amekuwa mjeuri. Leo najua ulikuwa unasema kweli tupu.

Nitakwambia hofu yangu ilitoka wapi, si ya kujitetea, ni ili ujue. Humu nyumbani kuna binti wa miaka kumi na minne. Televisheni yake ni ya vijana weusi wa Amerika kutwa nzima. Ni magari, cheni, bunduki na wasichana wasio na nguo. Siku moja aliniita mbio, "Sista, sista, njoo! Huyu kafanana na Amos!" Nikaenda. Kweli mlifanana, paji la uso na mabega. Alikuwa ndani ya gari jekundu, ameshika bastola kama mtu aliyeshika kijiko. Binti hakuwa na nia mbaya, alifurahi tu kuona sura ya mwanangu, maana picha yako ameizoea kwenye simu yangu. Akaniuliza, "Na kwenu vijana wote wako hivi?"

Nikamwambia hapana. Lakini tangu siku hiyo, kila nikikuwaza, Amos, nilikuona ndani ya lile gari. Nikikuombea, nilikuwa naombea kijana wa kwenye televisheni. Kinachoniuma ni kwamba hata mimi, mama mweusi niliyekuzaa, niliuziwa sura hiyo ya watoto wetu na nikainunua bila kuuliza.

Kisha ile video ikaja. Dada mmoja wa kanisa la nyumbani alinitumia, akaandika, "Mama Amos, huyu si wako?" Ilikuwa saa za mchana, mtoto mdogo wa nyumba amelala miguuni pangu. Unajua simu yangu iko kimya tangu mwezi wa kwanza wa kazi hii. Mtoto akiamshwa, siku nzima imeharibika. Video zote naziangalia hivyo. Hata mazishi ya mjomba wako niliyatazama hivyo, watu wanafungua midomo wanalia na mimi sisikii kitu.

Basi nikakuona. Kofia ya jaketi kichwani, cheni shingoni, nyuma yako ukuta umechorwachorwa, vijana sita wanaruka, na wewe unainyooshea kamera vidole kama unaigombeza. Mdomo unaenda mbio. Niliitazama mara tatu. Sikuongeza sauti hata mara moja. Nikasema khalas, basi tena, amekwenda.

Mtoto alipoamka na kuchukuliwa na mama yake, nikaenda nyuma kwenye mashine za kufulia, nikamrekodia mchungaji wako ujumbe. Nilisema huyu si mtoto niliyemlea. Nilisema umelichafua jina langu ilhali mimi huku nasugua vyoo vya watu kwa ajili yako. Nilisema una roho isiyo ya Mungu, akushughulikie. Sikumwambia aucheze kanisani, lakini pia sikumwambia asiucheze.

Ijumaa, ambayo ndiyo siku yetu ya ibada huku kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, nikasimama wakati wa maombi. Sisi tuna desturi moja. Watoto wetu wako mbali, kwa hiyo mwenye haja huweka simu mbele, kwenye kiti, ikiwa na picha ya mtoto, na wote tunainyooshea mikono. Nikaiweka yangu, video yako inajirudia yenyewe. Wanawake kumi na watano wakaizunguka, mikono juu ya kioo, wanakemea. Mmoja alikuwa analia kuliko mimi. "Mtoke! Mtoke kijana huyu!" Na wewe hapo chini unaimba bila sauti, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, jamani, hebu kwanza tusikie anachosema.

Jumapili yake mchungaji akaucheza ujumbe wangu kwenye spika za kanisa. Wewe ulikuwa umeketi na vijana wako. Nimeambiwa hukuinuka. Ulikaa mpaka mwisho, ukaambiwa umevuliwa uongozi wa vijana, ukatoka. Jioni ukaniandikia maneno mawili.

"Mathe, uliiskiza?"

Nami nikakujibu, Mungu anisamehe, "Sihitaji kusikiliza. Nina macho."

Hapo ndipo uliponyamaza. Ni miezi mitano sasa. Nakutumia ujumbe, alama zinageuka buluu, sipati jibu.

Aliyenifumbua macho si mtu wa kanisa. Ni bibi wa hapa nyumbani, mama yake mwenye nyumba, mzaliwa wa Unguja, Mwislamu wa sala tano. Hasikii vizuri na hana subira hata kidogo. Wiki mbili zilizopita alitaka kuona picha za wanangu. Kidole chake kikagusa ile video, ikaanza.

"Mbona huyu mdomo wamcheza hasemi? Kafungwa ulimi?"

"Ni kijana wangu, Bibi. Anaimba mambo mabaya."

"Mabaya gani?"

Nilikaa pale na simu mkononi kama mwizi aliyekamatwa. Miezi yote ile nimekulilia, nimekukemea, nimekushtaki, na sijui neno hata moja ulilosema.

"Nnakuuliza, mabaya gani? Hebu tia sauti nisikie na miye."

Akaninyang'anya, akaipandisha mpaka mwisho. Nyumba nzima ikatetemeka.

"Ala! Kafukuzwa na nani huyu, asema mbio hivi?" Akaisogeza sikioni. Nami nikakusikia.

*Filamu zimenipa bunduki nisiyoijua uzito,*
*Mungu akanipa wimbo, naubeba tangu utoto.*
*Mama anapangusa nyumba za watu Uarabuni,*
*mimi napangusa jina lake lisichafuke mtaani.*

Bibi akaniambia nirudishe nyuma, hakushika yote. Nikarudisha. Akaniambia nirudishe tena. Halafu akanigeukia, na uso wake haukuwa wa mchezo.

"Mtoto amtaja Mungu, amtaja na mamake. Haya ndiyo mabaya?"

"Bibi, mimi sikusikia."

"Miye ndiye kiziwi humu ndani, si wewe."

Nilikwenda nikafunga mlango wa bafuni, nikalia hadi binti akaja kugonga akidhani nimeanguka.

Sasa Amos, nina hasira, na sitaki kukuficha. Nimejikasirikia mimi kwanza. Cheni niliyoiona, nilipoikuza picha, ni ile ya msalaba niliyokununulia mwenyewe Matrah sokoni na kukutumia ulipobatizwa. Ulikuwa unaigombeza kamera kwa sababu unalikemea lile lile ninalolichukia, hao wanaowaonyesha vijana wetu kwamba mtu mweusi ni wa kufa au wa kuua. Mimi na wewe tulikuwa upande mmoja, na nikakupiga wewe.

Nina hasira na mchungaji. Nilimtumia ujumbe mwingine wa kukiri kosa langu, nikamwomba aucheze kwenye spika zile zile. Alinijibu, "Mama, hayo yalishapita, tusiyachimbe." Kukuaibisha kulikuwa na nafasi katika ibada. Kukusafisha kumekosa dakika tano. Nilimpigia mara mbili zaidi, sasa ananiambia yuko kwenye mkutano kila saa.

Na wewe pia nina hasira nawe. Nimeusikia wimbo wako mpya, ule wa chupa na wasichana, unaochezwa redioni. Nimeusikiliza wote, mwanzo mwisho. Wewe hunywi. Dada yako aliniambia ukipewa soda ya baridi unakohoa. Sasa chupa hizo unazojisifia ni za nani? Najua jibu lako. Ulipoimba injili hakuna redio iliyokutaka, na kanisa lilikuvua uongozi. Ulipoimba chupa mtangazaji akakuita mfalme. Redio ilikuwa na sura ya kijana mweusi iliyokwisha kukatwa kama nguo, na kanisa, na mimi, tukakusukuma uende kuivaa. Lakini haikutoshi, mwanangu. Mistari yenyewe ni mivivu. Yule wa filamu na bunduki alikuwa anafikiri. Huyu wa chupa anasoma alichoandikiwa.

Ijumaa iliyopita nilisimama tena katika ibada. Safari hii sikuweka picha. Niliomba spika, nikacheza wimbo wako wa kwanza wote. Baadhi walitikisa vichwa, mama mmoja akasema, "Maneno sawa, lakini huo mdundo, dada." Nikamjibu, "Mdundo ni wa mtungi wa maji, niliuruhusu mwenyewe." Hakunielewa, lakini hakuendelea. Yule aliyelia sana siku ya kukukemea alinifuata nje penye teksi. Ana kijana wa rika lako kule kwao Kakamega, naye anaimba kama wewe. Aliniuliza polepole, "Mimi nina video zake nyingi. Unadhani nianzie na ipi?" Tukakaa ukutani kwenye kivuli, tukampigia huyo kijana pamoja, akaimba kwa aibu. Nilifurahi kwa ajili yake. Pia nilimwonea wivu, maana wa kwake alipokea simu.

Sikuombi urudi kanisani pale. Sikuombi uache kurap, wala sikuombi uimbe injili ili unifurahishe. Sikuombi hata uniite mathe ukiwa hujisikii. Likizo yangu ni mwezi wa nane, na ukitaka nisije ulipo, niambie, nitafikia kwa dada yako.

Ninachoomba ni kimoja. Usininyamazie. Nilikushtaki kwa sauti mbele ya watu, na wewe hukupata nafasi ya kujibu. Ichukue sasa. Niimbie mimi. Andika kuhusu mama aliyekosea, sema alichofanya, hata ile ya simu kwenye kiti, na unitaje jina. Usinihurumie kwa sababu niko ugenini. Kama kuna neno kali linalofaa, litumie. Kisha utume, hata ukiutuma kwa redio kabla yangu, sawa. Mimi nitaucheza mbele ya wanawake wote wa Ijumaa, na nitasimama wima mpaka uishe.

Ila ukimaliza kunigombeza, uniambie kama unakula vizuri.

Anayesubiri zamu yako ya kusema,
Mama Amos