Upana wa Boriti

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Hapa Ibra sote wazima, alhamdulillahi. Tende zimeiva.

Umeuliza nani aliichora nyumba kongwe ya babu yako, iliyojengwa karne iliyopita. Hapana aliyeichora. Boriti za mkoko zililetwa kwa jahazi kutoka Afrika, maana huku jangwani mikoko haioti, na urefu wa boriti ndio uliokuwa upana wa chumba.

Nilipoletwa hapa bibi harusi kutoka Unguja, nililala chali nikilia. Kutazama juu, naona boriti kama za kwetu, na chumba chembamba kama cha mama. Nikanyamaza.

Sasa baba yako kanijengea chumba cha zege, kipana, Mungu ambariki. Ila kabati nimelisogeza mpaka katikati. Wananicheka. Ukija, utalala na mimi, upande ule mwembamba.

Bibi yako