Umezaliwa Widnes, Si Liverpool

Widnes, 8 Februari 1976

Mwanangu Clifford,

Hujambo? Mimi sijambo, ila kifua bado kinabana kila pepo zinapotuletea moshi wa kiwanda. Natumai London inakulisha.

Jana Jumamosi tulikuona kwenye televisheni, mimi na wenzangu wa klabu ya wafanyakazi. Mtangazaji akakuuliza umezaliwa wapi, ukajibu Liverpool. Watu wote wakanigeukia mimi. Clifford, umezaliwa chumba cha juu katika nyumba hii hii, na mimi ndiye niliyemkimbilia mkunga nikiwa na kiatu kimoja. Kisha ukaleta tena ule mzaha wa mama yako kuunguza pai za nyama. Hajatimiza mwaka kaburini. Miaka kumi na tisa alipikia wanaume mia tatu kiwandani, na sahani zilirudi tupu.

Seth Ollerton, katibu wetu, anakuomba uje tarehe 27 Machi kutufungulia ukumbi mpya wa klabu kwa vichekesho vyako. Nimemwambia utakuja. Usiniaibishe.

Ni mimi baba yako.

London, 3 Machi 1976

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ni uchovu tu. Pole na kifua. Nenda kwa daktari, usingoje kubebwa.

Hayo ya Liverpool ni shauri la wakala wangu, yule anayenitafutia maonyesho. Ukitaja Liverpool, mji wa wachekeshaji, watu wanacheka hata kabla hujaanza mzaha. Ukitaja Widnes, wanadhani ni ugonjwa. Na pai ni utani tu, mama mwenyewe angecheka. Mwambie Bwana Ollerton abandike matangazo. Nakuja.

Mwanao mpenzi.

Widnes, 29 Machi 1976

Clifford,

Salamu. Sitaki kujua hali yako leo.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakosa viti. Seth alikwenda stesheni mara mbili kukupokea. Mwisho ikaja simu ya huyo wakala wako: umeitwa kurekodi kipindi. Watu wakaanza kugonga meza na glasi, basi nikapanda jukwaani kuomba radhi. Nikasema, "Mwanangu amepotea njia. Ameshukia Liverpool." Wakacheka. Mimi sikuwa natania.

Hasira zikanipanda, nikawaambia yote. Nikawaambia zile pai niliziunguza mimi, siku ambazo mama yako alikuwa zamu ya jioni. Akirudi, alikuwa anawaambia nyinyi watoto kwamba yeye ndiye aliyeziacha motoni alipoondoka kwenda kazini, msije mkanicheka mimi. Miaka sita umejipatia riziki kwa kumcheka yeye kwa kosa langu, nami nimekaa kimya. Walicheka mpaka Seth akafuta machozi. Nilishuka nikarudi nyumbani.

Baba yako.

Leeds, 20 Juni 1976

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Najua sijakuandikia tangu Machi. Barua yako iliniudhi, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba ulisema kweli.

Wiki jana, hapa Leeds, nilianza mzaha wa pai. Jamaa mmoja wa mbele akaniambia kwa sauti, "Hiyo nilimsikia mzee wa Widnes akiisimulia. Yake ilikuwa bora." Nikaiacha katikati. Nikawaambia kweli, natoka Widnes, na mama yangu alikuwa mpishi hodari. Hakucheka hata mmoja. Nikashuka kabla ya muda wangu. Wakala anasema nikirudia tena nitafute wakala mwingine.

Hii ndiyo kazi yangu, baba, na nimeshindwa. Wewe uliwachekeshaje?

Mwanao.

Widnes, 25 Juni 1976

Mwanangu Clifford,

Nimeshukuru kupata barua yako. Kifua kimepata nafuu, nalala vizuri.

Sijui niliwachekeshaje. Seth ameniomba nipande tena mara tatu, nimekataa. Mimi nilitaka kulia, wao wakacheka, na mpaka leo linanikera.

Lakini liko jambo jingine. Jiwe la kaburi la mama yako limefika. Fundi amechonga jina na miaka, akaacha nafasi ya mstari mmoja wa maneno. Nimekaa na kalamu tangu Mei. Kila nikiandika nachana. Fundi amechoka kunisubiri, na mimi nimechoka kumkwepa barabarani.

Katika nyumba hii mwenye maneno ni wewe. Njoo Jumapili tukae mezani mpaka tuupate huo mstari. Usichekeshe. Hata tukikosa, njoo.

Baba yako.