Nilibonyeza "Ruhusu"

Nyarugusu,
Geita.
12 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Enock,

Pokea salamu za nyumbani, safari hii kwa mkono wa dada yako. U hali gani huko Masasi? Wifi yangu Mageni amepona ile malaria? Na watoto, bado wanagombania kiti cha mbele kanisani? Sisi huku tunapumua. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ila jua likipanda anatembea vizuri na kuwagombeza kuku. Hatuumwi, Enock. Tunaogopa.

Najua umeshangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mimi niliyezoea kukutumia ujumbe wa maneno manne. Nimeandika barua kwa sababu simu yangu siiamini tena. Isome hadi mwisho, kisha msomee na wifi.

Jambo lenyewe ni hili. Kule shambani kwa Mama, nyuma ya zizi la zamani, duara alilochimba Baba Lusia limetema. Ndiyo, mume wangu yule yule uliyekuwa ukimcheka kwamba anachimba shimo la kujificha wadai. Amekutana na mkanda wa dhahabu, na mawe yanaonyesha kweli. Nakuomba usimwambie mtu. Wewe umekulia huku, unajua duara likitema watu hunyamaza. Tangu siku ile hatujanunua nyama hata robo kilo. Tunakula dagaa na mlenda ili majirani wasinuse kitu. Leseni tumeomba, jibu bado. Habari ikivuja kabla ya leseni, itakuwa rashi: watu watamiminika na sururu kutoka kila upande, na kufumba na kufumbua shamba la Mama litakuwa mashimo matupu, hata kaburi la Baba halitapona.

Sasa sikia nilichokifanya. Simu ya Baba Lusia ni ya kitochi, kwa hiyo mimi ndiye niliyepiga picha za mawe na za mdomo wa duara, nimwonyeshe mtu anayetusaidia maombi ya leseni mjini. Siku ya safari, nikisubiri gari njia panda, simu ikaishiwa chaji. Pale kuna kibanda cha kuuza nyimbo na muvi. Wameweka ubao wenye matundu ya USB, waya zinaning'inia, msafiri anachaji bure. Si unanijua mimi na vya bure? Nikachomeka. Simu ilipowaka ikauliza kama naruhusu kompyuta ione vilivyomo ndani. Nikabonyeza "Ruhusu".

Utauliza kwa nini. Lakini huku machimboni nani hajazoea? Ukienda kuingiziwa nyimbo, simu huuliza hivyo hivyo, na usiporuhusu nyimbo haziingii. Kidole kimeshazoea, hakisubiri akili. Sikuwaza hata kidogo kwamba mlango unaoingizia nyimbo ndio huo huo unaotolea picha. Nikaiacha simu pale, nikaenda kunywa chai na chapati. Niliporudi nikamshukuru sana mwenye kibanda kwa wema wake. Nikikumbuka shukrani zile natamani kujipiga kofi.

Wiki iliyopita mwanamume nisiyemjua akaja kwa Mama na pikipiki. Mtu mpole, kofia mkononi. Nilikuwa naanika mahindi.

"Mwangaluka, Mama Lusia," akasema.

Nikaitikia na kumkaribisha, ingawa sikujua jina langu kalipata wapi. Akasema anatafuta shamba la kukodi. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa nyuma ya zizi. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Ile turubai ya bluu mliyofunikia mawe, mmeihamishia wapi?"

Enock, turubai ile tuliiazima, ikakaa pale siku moja tu, siku niliyopiga picha. Jioni tukairudisha kwa mwenyewe. Siku hiyo hakuna mgeni aliyekanyaga shambani. Hata yule wa leseni nilimwonyesha picha za mawe tu, ile yenye turubai sikumwonyesha. Ilikuwa ndani ya simu yangu, basi. Nikamwambia mgeni hatuna turubai. Akatabasamu, akampa Mama shikamoo yake kwa adabu, akaondoka. Nikakaa papo hapo juu ya mahindi.

Lusia yuko likizo kutoka chuo. Nilipomsimulia, alinigombeza mpaka akalia mwenyewe. "Mama, umemfungulia mtu nyumba halafu wewe ukaenda kunywa chai!" Akanionyesha kwamba picha zangu zinabeba mahali zilipopigwa, mtu akizipata anafuata ramani hadi mlangoni. Hawezi kuapa kwamba ni kibanda kile, lakini anasema njia ya namna hiyo ipo, na mimi nikikumbuka ile turubai sihitaji kiapo. Amebadilisha namba zangu zote za siri, hata ya pesa za simu. Ila picha zilizokwisha kutoka hakuna wa kuzirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nanyi mlikuwa mnajiandaa kuja mwisho wa mwezi. Kutoka Masasi hadi huku ni stendi ngapi, na kila stendi siku hizi ina matundu ya kuchajia! Nakusihi, usichomeke simu humo. Njoo na chaja yako, kichwa na waya wake, uchomeke kwenye soketi ya umeme ya ukutani, au ununue pawabenki kabisa. Waya wa kuazima usiuguse. Ukibanwa sana, izime simu kwanza ndipo uichaji, na ikikuuliza lolote, kataa. Mwambie na wifi, maana najua wewe ukishalala kwenye basi simu anabaki nayo yeye.

Na hili ni zito zaidi. Sijui wamechukua nini kingine. Namba yako imo, na zile picha za watoto mlizonitumia Pasaka zimo. Ukipata ujumbe kwa jina langu unaosema njoo, au tuma, au kubali, usifanye lolote. Nipigie, uniulize jina la yule ng'ombe aliyekurusha kwenye matope ukarudi nyumbani bila kaptula. Nikishindwa kulitaja, ujue si mimi. Jina lenyewe siandiki, hata hapa.

Baba Lusia na wenzake sasa wanalala pale pale kwenye duara. Anasema mtu haogopi kitu kilicho chake. Mimi naogopa kwa niaba yake. Pikipiki ikipita barabarani naacha nilichoshika. Tumembembeleza Mama ahamie kwetu, hataki kusikia. "Baba yenu amelala hapa," anasema, "mimi niende wapi?" Mwandikie wewe, kitinda mimba wake, labda atakusikiliza.

Nisalimie wifi Mageni, watoto wote, na yule mzee Benjamini jirani yenu aliyetutumia korosho. Lusia anakuamkia, na Mama anasema anakuombea kila anapoamka. Mungu wa baba zetu akulinde wewe na mlango wa nyumba yako, na asiyekutakia mema asiijue njia ya kwako.

Wako akupendaye daima,
dada yako Justa (Mama Lusia)

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaikunja. Nimesikia pikipiki, nikadhani ni mbili tatu, nikatoka kuchungulia. Zimejaa barabara nzima, watu wamepakizana, wana sururu na ndoo na magunia, na wote wamekata kona kuelekea kwa Mama. Hakuna hata mmoja aliyesimama kuuliza njia. Lusia anaikimbiza barua hii stendi, mimi nakwenda kumtoa Mama. Enock, usiwalete watoto.