Kwa Shangazi Mwavita, Aliyenifundisha Kutafuta Mchumba

Mpendwa shangazi,

Wewe umelala ng'ambo ya ziwa, kwenye udongo wa Baraka, na mimi bado niko upande huu, kwenye mwalo wa Katonga, natengeneza injini za maboti. Nimejaribu kukuandikia mara nyingi. Kila mara naanza na salamu, kisha nakwama, kwa sababu salamu huuliza hali, na wewe huwezi kunijibu. Leo nimeamua kuziruka. Unisamehe. Uliondoka kabla mambo hayajaisha, nami nataka kukusimulia yalivyoisha.

Unakikumbuka chumba chetu cha Ujiji? Tulipovuka ziwa kukimbia vita nilikuwa na miaka kumi na tisa, na katika ndugu zangu wote nilibaki na wewe peke yako, dada ya baba. Jamaa zetu waliohamia Ujiji tangu enzi za mababu walitupa chumba kimoja, ukakigawa kwa pazia la kitenge. Wewe ukaanza kuuza dagaa Katonga, mimi nikapata kazi kwa fundi wa injini. Injini nilizielewa upesi. Boti likiwa bado mbali, nilisikia mlio wake nikajua plagi imekufa. Walionishinda ni watu.

Sikuweza kumtazama mtu machoni. Soko likichangamka niliziba masikio nikajificha nyuma ya mapipa ya mafuta. Mtu akisema "nakuja sasa hivi," nilisimama palepale nikamngoja. Wengine walisema nimerogwa, wengine wakaniita zezeta. Wewe uliwajibu mara moja tu, mbele ya wanawake wote wa mwaloni: "Amisi si mugonjwa. Ako na njia yake." Ukaendelea kuanika dagaa.

Nilipofika miaka ishirini na minne nilikuuliza swali lililokuwa limenisumbua muda mrefu. Tulikuwa uani, unachambua dagaa.

"Shangazi, mtu anajuaje kwamba msichana anampenda?"

"Anaona."

"Anaona wapi?"

"Kwenye macho."

"Mimi siangalii macho."

Uliacha kuchambua. Nilisubiri ucheke, kwa sababu wenzangu kazini walikuwa wamecheka sana nilipowauliza swali hilohilo. Hukucheka. Ulifikiri kweli, kama vile nimekuuliza bei ya chumvi. Kisha ukasema, "Basi weye tutakutafutia njia ingine."

Ndipo ukaanza kunifundisha. Usianze na habari za injini. Uliza habari za nyumbani, na ukijibiwa, usiondoke, uliza tena. Ukimpenda mtu, sifia alichovaa. Ukanituma kwa Zaituni, binti wa jirani yetu mshonaji, aliyekuwa ameshonewa gauni jipya la kitambaa chenye picha za ndege. Nililitazama gauni kwa makini kama ulivyoniagiza. Yeye mwenyewe akaniuliza, "Amisi, umenionaje?" Nikamwambia kitambaa ni kizuri, ila aliyekata amekosea, maana ndege wote wamesimama kichwa chini. Aliyekata alikuwa mama yake, na alikuwa mlangoni.

Niliporudi kukueleza ulishika ukuta usianguke kwa kicheko. Mimi sikuumia. Nilitaka tu kujua kosa liko wapi.

"Lakini walikuwa kichwa chini, shangazi."

"Najua! Ujiji nzima iliwaona!"

"Sasa mbona wamenikasirikia?"

Ukafuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Mutoto wangu, musichana akikuulizaka umenionaje, haulizi juu ya ndege."

Niliifikiria sentensi hiyo kwa wiki nzima. Nilianza kushuku kwamba watu wana lugha mbili ndani ya lugha moja, na kwamba mimi nilifundishwa moja tu.

Baadaye akaja Yustina. Huyu hukunitafutia wewe, ingawa ulipenda kusema hivyo. Alikuwa mteja wako. Alishuka kutoka Kalinzi na maharage na ndizi, akauza, akanunua dagaa kwako na kupanda nao milimani. Wewe uliniita tu nimbebee gunia. Alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akipiga makofi taratibu kama wanavyofanya kwao, akauliza hili, akangoja, akauliza lile. Nikaipenda salamu ile siku hiyohiyo, kwa sababu kila hatua nilijua inayofuata.

Kiswahili kilikuwa lugha yake ya pili. Mtu akimtania au akimsemea mafumbo, Yustina alikunja kipaji cha uso akasema, "Sijaelewa. Sema tena." Hakuona aibu hata kidogo. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akisema hivyo sokoni. Mimi nilikuwa nasema hivyo moyoni kila siku. Tulipozoeana, naye akaanza kuniuliza yale ambayo wengine waliyasema nyuma yangu.

"Kwa nini unaangalia sikio langu?"

"Nikiangalia macho sisikii unachosema."

Akafikiri kidogo. "Basi angalia sikio."

Wewe ulikuwa unatuona. Jioni moja ukanibana: "Umemuambia?"

"Nini?"

"Kama unamupenda!"

"Anajua. Nimemtengenezea redio."

"Redio haisemaki mapenzi, Amisi."

Nikakukumbusha kwamba inasema, alasiri, kwenye kipindi cha salamu. Ulinirushia konzi ya dagaa.

Siku ya soko iliyofuata nilimwambia. Alikuwa anafunga gunia kwa kamba. Nilisema, "Yustina, mimi sijui kusoma uso wa mtu. Nakupenda. Kama nawe unanipenda, niambie kwa maneno. Kama hunipendi, niambie pia kwa maneno."

Aliendelea kufunga hadi kamba ikaisha. "Bado sijui," akasema. "Niulize tena tukimaliza kuvuna kahawa."

"Siku gani?"

Hapo akacheka, lakini alinipa siku, Jumamosi. Jumamosi hiyo nilipanda lori, kisha nikashika njia ya miguu kwenye matope mpaka kwao. Nilimkuta anatandaza kahawa juani.

"Nimekuja kuuliza tena."

"Najua," akasema. "Ndiyo."

"Ndiyo unajua, au ndiyo unanipenda?"

"Zote mbili."

Niliporudi nikakusimulia, ulipiga vigelegele peke yako chumbani hadi majirani wakagonga. Niliziba masikio, lakini nilifurahi.

Sasa nafika mahali pagumu, shangazi. Siku ya posa. Miaka ile kila mtu wa ng'ambo alikuwa anazungumzia kurudi. Amani imefika, walisema, na meli itachukua waliojiandikisha. Wewe ulijiandikisha wiki ya kwanza. Mimi sikuwa nimejiandikisha, wala sikuwa nimekataa. Tulipanda Kalinzi na wazee wawili wa Ujiji, umevaa kitenge chako cha njano. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba yake Yustina aliponigeukia mimi mwenyewe.

"Kijana, wewe ni mkimbizi. Wenzako wanarudi. Nikikupa binti yangu, utavuka naye?"

Wote mlinitazama. Nilitafuta jibu la kweli, nikalipata. Nikasema, "Sijui, mzee."

Mzee akasema, "Tumesikia," akaamka akaenda kutazama ng'ombe wake. Hatukuambiwa turudi lini.

Tuliposhuka mlima ulikuwa unatembea mbele yangu kwa kasi. Halafu ukasimama. "Neno moja, Amisi! Hapana! Ungesema tu hapana!"

"Lakini sijui, shangazi."

"Kila mukimbizi hajui! Hata mimi sijui ninakwenda kukuta nini kule! Lakini mbele ya baba wa binti, unajua!"

Sikujibu siku hiyo wala zilizofuata, kwa sababu sikuwa na jibu, na wewe ulidhani nimenuna. Tukala ugali bila kusemezana hadi meli ikafika.

Asubuhi ile bandarini ulikuwa na godoro lako, sufuria mbili na mfuko wa nguo. Watu walikuwa wanalia, wanaimba, honi inapigwa. Hukunikumbatia, ulijua siwezi. Ulinikamata bega na kulibana kwa nguvu, kama nilivyopenda tangu mdogo. Ukasema, "Utakula?" Nikasema, "Nitakula." Ukapanda.

Ulipofika juu uligeuka. Uso wako ulikuwa umebadilika namna ambayo sikuwahi kuiona, na ukainua mkono ukaupunga haraka haraka. Nilidhani unanifukuza. Nilidhani unasema nenda, umeniaibisha, ondoka. Basi nikaondoka, meli haijang'oa nanga. Nimeishi na mkono ule miaka yote hii. Nimejaribu kuupunga mwenyewe mbele ya kioo nione una maana gani.

Wiki tatu baadaye baba yake Yustina alikuja Katonga. Peke yake, na fimbo yake, katikati ya makelele ya wauza samaki. Alinikuta nyuma ya mapipa. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa juu ya kreti.

"Nilikuuliza swali," akasema. "Sasa unajua?"

"Sasa najua. Meli imeondoka na mimi niko hapa."

"Na ikija nyingine?"

"Nitabaki. Nimeona ya kwanza ikiondoka, na sikutaka kuwa ndani yake."

Kisha akanieleza kwamba kabla yangu alikuja kijana mwingine kumposa dada yake Yustina. Yule aliapa mbele ya wazee kwamba hatahama Kalinzi mpaka afe, na hakumaliza mwaka, akamwacha binti na mimba. "Wewe ulisema hujui," akasema. "Nilirudi ndani nikamwambia mke wangu, huyu akijua atasema. Sasa leteni watu tena."

Nilimpa ujumbe mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya mawese aliyekuwa anavuka kwenda Baraka. Nilimfundisha maneno, kwamba wametukubali, akayarudia mara tatu bila kosa. Aliporudi aliniambia kwamba homa ilikuwa imekuchukua siku chache kabla hajafika. Alirudi na ujumbe wangu wote mdomoni.

Tulifunga ndoa. Tuna watoto wawili. Yustina huniambia mambo kwa maneno kama tulivyokubaliana. "Leo nimekasirika, si kwako." "Leo ni kwako." Sherehe ikiwa na ngoma, tunakubaliana mapema nitakaa mpaka lini, na nikitoka nje hakuna anayenitafuta. Si kwamba yote ni rahisi. Mama yake alipofariki nilikaa kimya siku nne kwa sababu sikujua cha kusema, na Yustina akaniambia kwamba ukimya ule ulimuumiza kuliko msiba. Nilimuuliza ningesema nini. Akasema, "Ungesema hujui cha kusema." Sikujua kwamba hilo nalo linahesabika.

Mwaka huu tulimpeleka binti yetu mdogo kwa daktari, kwa sababu mwalimu alisema hachezi na wenzake na anapanga mawe kwa ukubwa kutwa nzima. Daktari aliuliza maswali mengi. Anatazama machoni? Anasumbuliwa na kelele? Anachukua maneno kama yalivyo? Kila swali, Yustina alinigeukia mimi. Mwishowe akacheka, akamwambia daktari, "Huyo unayemtaja ni baba yake." Daktari akasema jambo hilo lina jina, linaitwa usonji, na mtu huzaliwa nalo.

Nilitoka pale nikitaka kukuuliza wewe. Je, ulijua? Uliposema nina njia yangu, uliona kitu, au ulikuwa unanitetea tu kwa wale wanawake? Nimemuuliza Yustina kama jina hilo lingekusaidia. Akasema, "Shangazi? Angeuliza kama linakuzuia kula, halafu angeendelea na dagaa wake." Huenda ndivyo. Mimi limenisaidia. Najua sasa kwamba tuko wengi, na najiuliza hao wengine walipata wachumba kwa njia gani, na nani aliwafundisha.

Juzi nilikuwa naandika barua hii, nikafika kwenye habari ya mkono. Nikamwita Yustina nikamwonyesha jinsi ulivyoupunga. Aliweka chini ungo.

"Amisi, mimi nilikuwepo."

"Wapi?"

"Bandarini. Nilishuka na lori la alfajiri. Nilisimama nyuma yako, karibu na ghala, nikangoja umalize kumuaga. Nilidhani unajua nipo."

Sikujua, shangazi. Niliondoka nikifuata ukingo wa maji, sikutazama nyuma hata mara moja.

"Yeye aliniona," akasema. "Ule mkono haukuwa kwa ajili yako. Alikuwa ananiita mimi nisogee kwako."

"Na uso wake?"

"Alikuwa analia na kucheka."

"Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja. Watu wanafanya hivyo."

Nikamuuliza kwa nini hakusogea. Akasema, "Nilisogea. Ulikuwa umeshaondoka." Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuniambia miaka yote hii. Akanitazama, akasema, "Hukuniuliza."

Basi ulikwenda ukijua. Ulimwona ameteremka mlima asubuhi ile, baada ya mimi kuharibu posa, naye hakuja kukuaga wewe, alikuja kwangu. Nimekaa mlangoni tangu juzi nikilifikiria jambo hili, na bado sijamaliza.

Pumzika vizuri, shangazi. Yustina anakusalimu, na yeye salamu zake hazirukwi.

Mimi, mtoto wa kaka yako,
Amisi