Mfuko Kwenye Kijiti

Tunduma, 12 Novemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima kama jiwe, ila tumbo linakua kwa nyama choma, na hilo si ugonjwa, ni maendeleo. Nakuandikia kwa sababu juzi nilipopiga simu ulijibu "Amina" kwa kila swali, nikajua mashine yako ya kusaga imeyamaliza masikio. Danieli, konda wa basi la Kosta, atakuletea barua.

Duka langu la mbegu linavuma. Niliishia la saba, lakini dunia nimeisoma mpaka chuo kikuu. Wazambia wakivuka mpaka wananiita kwa heshima "ba Clever", wanasimama foleni.

Nakutumia mifuko miwili ya mbegu chotara ya mahindi. Hii nimekutafutia mwenyewe. Panda hii tu, usichanganye na ya mtu, hata akiwa mchungaji. Majirani uliowatuma wamefika, mzee Hezron, mama Nesta na wenzao. Nimewauzia wote, na soda juu.

Mwanao asiyeshindwa,
Clever

Kijijini Ruanda, 21 Januari 2024

Mwanangu Clever,

Amani iwe kwako. Magoti yanauma mvua ikija, na mwaka huu imekuja kweli.

Mahindi yangu yamenifika kiunoni. Mfuko mtupu nimeuchomeka kwenye kijiti mwanzo wa mstari, kama tufanyavyo siku zote, apitaye ajue ni mbegu gani. Hezron naye kachomeka wake. Picha ile ile, maandishi yale yale. Lakini kwake nusu haikuota, na iliyoota ni kama watoto wa baba mbalimbali, kila mmoja na kimo chake. Mama Nesta amerudia kupanda. Wote walionunua kwako wako hivyo. Shamba la kijani ni langu peke yake, linaonekana mpaka kanisani.

Wananiuliza nimeweka nini. Niwajibu nini?

Baba yako,
Boazi

Tunduma, 27 Januari 2024

Baba,

Shikamoo, na pole ya magoti. Nimempa Danieli dawa ya kuchua, ya kweli kabisa.

Mwambie mzee Hezron mbegu haizikwi kama maiti. Anachimba mashimo marefu mno, mazoea ya makaburi ya kanisa yale. Na kuku wa mama Nesta wanakula kuliko mwenyewe. Usiwasikilize. Samahani, nimesahau, husikii!

Jambo dogo, Baba. Ule mfuko kwenye kijiti ung'oe, uuchome moto. Na wa pili pia. Usiulize sana.

Mwanao,
Clever

Ruanda, 9 Machi 2024

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua yako niliisoma mara tatu. Nilikuwa natafuta maana nyingine ya yale maneno ya mwisho. Sikuipata. Mfuko sikuuchoma.

Jumanne walikuja wakaguzi wa mbegu na bwana shamba. Hezron ndiye aliyelalamika. Walikwangua lebo ya mfuko wangu, wakatuma namba kwa simu, jibu likarudi kwamba mbegu ni halali. Wakakwangua ya Hezron. Chini yake hapakuwa na namba, karatasi tupu.

Kisha wakaniuliza. Sikusikia, basi wakapaza sauti, watu wakatoka majumbani. "MZEE, ALIYEKUUZIA NANI?" Nikasema sikuuziwa, nimepewa na mwanangu. "NA ALIYEMUUZIA HEZRON?" Nikasema mwanangu huyo huyo. Nadhani nami nilipiga kelele, siku hizi sijui sauti yangu ina ukubwa gani. Hezron alitazama chini.

Ungenipa na mimi mbovu, ningeapa kwamba ulidanganywa. Ulijua, Clever. Ulichagua.

Baba yako

Mahabusu, 30 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Mwili upo. Humu maharage yana wadudu wengi kiasi kwamba tunawahesabu kuwa kitoweo. Nimewachekesha mpaka askari.

Walikuja dukani mchana kweupe, wateja wamejaa. Stoo wakakuta shehena ya ile mbegu, mifuko imeshonwa tayari. Wakili anasema bado naweza kutoka. Nitasema niliuziwa hivyo hivyo na msambazaji, nami ni mtu wa kuonewa huruma. Kinachobomoa maneno hayo ni mfuko wako, maana unaonyesha nilijua ya kweli inapatikana wapi. Mfuko, na kinywa chako.

Kesi ni tarehe 18 Juni, nawe utaitwa shahidi, uje na huo mfuko. Baba, siku hiyo uumwe. Magoti tu. Sikuombi udanganye, si yanauma kweli?

Mwanao,
Clever

Ruanda, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Pole na hayo maharage. Magoti yanauma kweli. Nitakuja nayo.

Tumevuna. Nilimpelekea Hezron magunia matatu kwa mkokoteni. Alinijia karibu na sikio, akasema: "Boazi, hayo ni mapenzi ya mwanao kwako. Si kwangu. Kayale mwenyewe." Miaka arobaini tumekaa benchi moja kanisani. Sasa anakaa upande wa pili. Mama Nesta alipokea, ana wajukuu watano. Alipokea bila kuniangalia.

Mfuko nimeukunja, nimeutia kwenye koti langu la harusi. Ndilo nitakalovaa. Sitasema zaidi ya nitakayoulizwa.

Baba yako

Gerezani, 25 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na magoti hayakukusumbua njiani.

Nilikuona. Mlango wa mahakama ulikuwa wazi, umekaa benchi la nje, mkono juu ya koti kana kwamba umeficha kifaranga. Karani alikuita mara mbili, hukusikia. Akakuinamia: "WEWE NDIYE BABA WA MSHTAKIWA?" Mahakama nzima ikageuka. Hapo nikaona itakavyokuwa. Kila swali juu yangu utapigiwa kelele, nawe utajibu kwa kelele, mzee Hezron anakutazama. Ukaanza kuinuka, umeshika ukuta.

Nikanyoosha mkono. Wakili alinivuta shati. Nikamwambia hakimu ni kweli. Yalikuwa mahindi ya kula, niliyapaka rangi kwa mikono yangu yafanane na mbegu, na mbegu ya baba yangu nilikwenda kuinunua mwenyewe kwa wakala halali.

Wakakwambia rudi ukae. Nilikuona unauliza watu kuna nini. Ndiyo maana nakuandikia. Nimefungwa miaka miwili.

Wamenipanga bustanini, Baba. Napanda mahindi. Cheka kidogo.

Mwezi wa kumi na moja usiende kununua mbegu peke yako. Mwombe mzee Hezron muende wote. Akwangue yeye lebo, na simu ashike yeye. Akikataa, rudi kesho yake umwombe tena.

Akikubali, niandikie. Na akikataa, niandikie.

Mwanao,
Clever